Siku Nzuri na Siku Mbaya za Benigna

Siku mliponiaga mliniomba nizungumze, nami nikasema asanteni nikakaa, kwa sababu watoto walikuwa wameshaiona keki na hakuna hotuba inayoshindana na keki. Sasa nina muda. Mke wangu anasema nina muda kupita kiasi, maana nimeanza kumshauri namna ya kupanga vyombo kabatini. Basi nawaandikia ninyi walimu vijana mnaobaki kitengoni. Habari za madaraja na mishahara mtazipata huko utumishi. Mimi nitazungumzia miili ya watoto, kwani ndiyo iliyonishangaza tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Nilifika Songea nikitokea Singida, nikiwa na cheti kipya cha elimu maalumu na koti moja jepesi. Koti lilikuwa kosa langu la kwanza, kwani ilikuwa Julai na hakuna aliyeniambia kwamba huku kuna baridi ya kuuma masikio. Kitengo kilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa shule ya msingi, kilichowahi kuwa stoo ya majembe, na harufu ya udongo ilikuwa bado imo. Mkuu wa kitengo alikuwa Mwalimu Ngonyani, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hakuniuliza hata nilisomea wapi. Alinikalisha kwenye dawati la mtoto, akanivisha soksi nene mikononi, mbili juu ya mbili, akanipa kalamu na kuniambia niandike jina langu. Kisha akamwambia mtoto mmoja apige debe karibu na sikio langu.

Niliandika. Jina lilipanda mlima, likashuka, likatoka nje ya karatasi. Akaniambia nifunge vifungo vya shati. Kilinishinda cha kwanza, kikanishinda cha pili, na debe linalia, mpaka jasho likanitoka katika baridi ile na nikatamani kumrushia mtu kalamu. Hapo ndipo alipolisimamisha debe.

“Hasira hiyo uliyonayo sasa, mdogo wangu,” alisema, “kuna watoto humu wanaamka nayo.”

Akanieleza kwa lugha nyepesi kuliko ya chuoni. Mtoto hupokea habari kwa macho na masikio, lakini pia kwa ngozi, kwa sehemu ya ndani ya sikio inayomlinda asipepesuke, na kwa misuli na viungo vinavyomwambia mkono wake uko wapi hata akifumba macho. Kwa wengi wetu habari hizo hukutana na kujipanga zenyewe, wala hatujui kama kuna kazi inafanyika. Kwa baadhi ya watoto wenye ugumu wa kujifunza, habari hufika zikigombania mlango: hii kubwa mno, ile hafifu, nyingine imechelewa. Mtoto wa namna hiyo hugonga milango, humwaga uji, hukosa mstari wa daftari, nasi tunamwita mzembe. Nilimuuliza maswali mengi siku ile mpaka akaniambia niende nikale kwanza.

Mtoto wangu wa kwanza mgumu alikuwa Said, ambaye kila asubuhi alilivua sweta la shule na kulitupa mtaroni. Mwalimu wa zamu alimwadhibu, mama yake akamnunulia jipya, nalo likaenda mtaroni. Mimi msomi nikaandika kwenye faili lake neno “mkaidi”. Mwalimu Ngonyani aliligeuza sweta nje ndani, akaipapasa mishono kwa kidole, akakata kile kitambaa cha chapa kinachokaa shingoni. Akamvisha Said fulana ya pamba, kisha sweta juu yake, likiwa bado limegeuzwa. Said alikaa nalo mpaka saa sita mchana. Nilirudi kwenye faili kulifuta neno langu, lakini wino haufutiki, kwa hiyo bado limo, limekatwa mistari mitatu. Mkilikuta msinicheke.

Tangu siku hiyo Mwalimu Ngonyani alinilazimisha niwe na daftari. Kabla ya kuandika kwamba mtoto kafanya nini, ilibidi niandike nini kilimgusa, alisikia nini, alikuwa amesimama wapi. Ilikuwa kazi ya kuchosha na niliipenda. Mimi nina tabia ya kuuliza kwa nini mpaka watu wanakumbuka wana safari, na hatimaye nilikuwa nimepata kazi inayoitaka tabia hiyo.

Vifaa vyetu tulivitengeneza. Kamba nene ya katani tuliilaza sakafuni, watoto wakatembea juu yake pekupeku. Tairi la gari tulilining'iniza kwa mnyororo, likawa bembea. Magunia madogo tuliyajaza mchanga. Tulikuwa pia na beseni kubwa la mahindi makavu, ambamo watoto walizamisha mikono kutafuta vifuniko vya chupa bila kutazama. Beseni lile lilikuwa na matatizo yake. Mwezi wa pili mahindi yalipungua, nasi hatukuuliza nani aliyapika, na yaliyobaki yakaliwa na dumuzi mpaka watoto wakawa wanazamisha mikono kwenye unga. Nadhani ndicho kifaa pekee cha kufundishia kilichowahi kufutwa kwenye orodha kwa sababu ya dumuzi.

Mwalimu Ngonyani alipostaafu nilikabidhiwa kitengo, na uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa wa huruma. Shuleni kila mtoto huchota maji, ya kumwagilia maua na ya kuoshea vyoo. Niligundua kwamba watoto wetu walikuwa wakitumwa kuliko wengine, hata kupeleka maji nyumbani kwa walimu, kwa sababu hawakulalamika. Nilikasirika kwelikweli. Niliandika katazo kwamba mtoto wa kitengo asibebeshwe ndoo ya maji kwa sababu yoyote, nikalitia saini, nikalibandika ukutani katika ofisi ya walimu. Wenzangu wawili walininunia muhula mzima. Mimi nilitembea kifua mbele.

Benigna aliletwa na bibi yake kutoka Ruhuwiko, miaka mingi baadaye, akiwa na umri wa miaka minane. Mama yake analima huko Madaba na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, ndiyo maana alimleta mjini kwa bibi, karibu na shule yenye kitengo. Benigna alizungumza mara chache sana, neno moja au mawili kwa siku. Miguu na mikono yake haikuwa na kasoro yoyote. Hata hivyo aligonga miimo ya milango, alikanyaga wenzake, aliketi kwenye kiti akaanguka upande wa pili. Na alisukuma watu. Hakusukuma kwa hasira. Alijibamiza kwao kwa bega na mwili wote, kisha akatulia kidogo, uso umelainika. Hilo la uso niliandika kwenye daftari wiki ya kwanza, na nikaishi nalo miaka miwili bila kulielewa.

Jambo jingine lilininyima raha zaidi. Benigna alikuwa na siku nzuri na siku mbaya. Siku nzuri alifika shuleni akiwa ametulia, akatembea juu ya kamba hatua tano au sita, akapanga vifuniko kwa rangi. Siku mbaya alifika akiwa tayari anapiga watu vikumbo getini. Nilianza kutia alama, duara kwa siku nzuri na mkato kwa siku mbaya, nikitafuta chanzo. Nilishuku sukari kwenye uji. Nilishuku mvua, mishono ya sare mpya, usingizi, minyoo. Kwa majuma kadhaa nilishuku mwezi, nikawa natoka nje jioni kuutazama, na majirani wakadhani mwalimu sasa anasali kwa namna mpya. Duara na mikato havikufuata chochote nilichokijua.

Kisha likatokea la ngazi. Asubuhi moja watoto wakielekea paredi, Benigna alimpiga kikumbo mtoto wa darasa la kwanza, naye akaanguka kwenye ngazi na kuvunjika jino. Wazazi wake walikuja, na walikuwa na haki ya kuja. Mwalimu mkuu wetu wakati huo, Madam Haule, aliniita ofisini. Si mtu mkali. Alinionyesha barua aliyoiandika, bado haijapigwa mhuri, ya kumrudisha Benigna nyumbani kwa usalama wa wenzake. Angeitoa Jumatatu baada ya wiki mbili, isipokuwa kama ningemletea sababu ya kutoitoa. Sote wawili tulijua maana ya barua ile. Bibi alishasema kwamba shule ikimkataa mtoto anarudi Madaba, na huko mama yake akienda shamba atamfungia uani mpaka jioni, kwa kuwa hana njia nyingine.

Jumamosi nilikwenda Ruhuwiko kumweleza bibi kabla hajaisikia habari kwa watu. Sikufika nyumbani kwake. Kwenye kijia kinachopanda kutoka bondeni, chembamba, kimejaa mawe na mizizi, niliwaona wanakuja: bibi mbele na fimbo yake, Benigna nyuma na ndoo ndogo kichwani juu ya ngata ya kitenge. Nilitaka kupiga kelele atuliwe kabla hajavunjika shingo. Kisha nikatazama miguu yake. Mtoto niliyemjua, anayeanguka kwenye kiti, alikuwa anakanyaga mawe yale moja moja, mgongo umenyooka, mikono imelegea pembeni, na maji hayamwagiki.

Nilimwamkia bibi. Aliitikia marahaba na kuniambia nipishe njia. Nilipisha, nikawafuata nyuma nikihangaika kama mtu aliyeibiwa, nikimuuliza nani amemfundisha, tangu lini, kwa njia gani. Bibi hakupendezwa na maswali yangu.

“Nani amfundishe?” alisema. “Mimi nilitaka maji. Magoti yangu yamekwisha.”

Nikamuuliza kama wanashuka bondeni kila siku. Akasema hapana, wana jirani nesi mwenye bomba uani. Siku nesi akiwa nyumbani wanavuta maji kwake kwa mpira. Siku akiwa zamu ya asubuhi geti linafungwa, basi Benigna anashuka chemchemi mara mbili kabla ya kwenda shule. Aliyasema hayo huku akimtua mtoto, kama anayeeleza bei ya chumvi. Mimi nilisahau kabisa kuhusu barua. Niliomba radhi, nikaondoka mbio, na bibi naamini alihitimisha kwamba ugonjwa wa kitengoni unaambukiza.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, nilimsubiri yule nesi na kumwomba anitajie zamu zake za miezi mitatu iliyopita. Aliniangalia kwa mashaka, lakini alikuwa nazo kwenye simu. Nilikaa kwenye kibaraza chake na daftari langu magotini. Duara zangu zilikuwa zinaangukia siku ambazo geti lake lilikuwa limefungwa. Si zote. Chache zilikataa, na kati ya hizo kadhaa zilikuwa za mafua. Lakini zilikuwa nyingi kiasi kwamba nilizihesabu mara mbili, nikainuka, nikakaa tena. Siku Benigna alipobeba maji zilikuwa siku zake nzuri. Siku alipopumzishwa zilikuwa mbaya. Na shuleni, mahali ambapo angeweza kubeba maji kila siku, kulikuwa na karatasi ukutani yenye saini yangu.

Niliona aibu, naisema wazi. Kisha udadisi ukaishinda aibu, kama kawaida yangu. Jioni ile nilichukua ndoo ya mke wangu, nikaijaza nusu, nikajitwisha uani. Mnajua kwamba huku mwanaume mzima hatembei na ndoo kichwani, ataibeba mkononi au kwenye baiskeli. Mke wangu alitazama, akaingia ndani, akatoka na jirani waje watazame pamoja. Nililowa mabega. Lakini nilipofumba macho nilielewa kitu ambacho kozi haikunifundisha. Uzito ulishuka shingoni, ukapita kwenye mgongo na nyonga mpaka kwenye nyayo, na kila kiungo kikasema kiko wapi. Sikuhitaji kufikiri miguu yangu iko wapi. Nilikuwa naisikia.

Jumatatu nilimpeleka Benigna na bibi yake kwa mtaalamu wa viungo hospitalini, kijana mpole aliyenisikiliza bila kutazama saa. Alimpima shingo na mgongo, akamtembeza, akanionya mambo ambayo nanyi nawaonya. Ndoo ndogo, maji yasivuke nusu, safari fupi, mtu mzima awe karibu. Mtoto mwenye kifafa au shingo dhaifu hapana kabisa. Na si kila mtoto: nilikuwa na hamu hiyo mpya, nikataka kumtwisha kila mtu kitu, akanikumbusha kwamba kinachomtuliza mmoja kinaweza kumvuruga mwingine. Kwa watoto wengine, alisema, mfuko wa mchanga mgongoni au kusukuma ukuta kwa viganja hufanya kazi ile ile. Kwa Benigna alikubaliana na ndoo, kwa kuwa mwili wake ulikwisha kuichagua.

Madam Haule alinisikiliza kwa muda mrefu. Halafu akainuka, akaenda ofisi ya walimu, akarudi na lile katazo mkononi.

“Mwalimu, hii saini ni ya nani?”

Nikasema ni yangu. Akaniuliza mimi ningejibu nini kama afisa elimu angeingia na kumkuta mtoto mwenye ulemavu amejitwisha maji shuleni. Nilimwambia tu kwamba nilipoandika katazo lile nilikuwa nawazuia watu wazima wasiwatumie watoto, na nilikuwa sahihi, lakini sikutazama kama kuna mtoto anayepungukiwa. Mwishowe akasema asubuhi moja tu, atakuwepo mwenyewe, na ikiwa Jumatatu ile ya barua ndiyo asubuhi yenyewe, basi na iwe hiyo.

Jumatatu hiyo nesi alikuwa nyumbani. Nilikwisha kuuliza. Maana yake Benigna hakushuka chemchemi, na alifika getini katika hali yake mbaya kabisa. Alimgonga mlinzi, akagonga nguzo ya bendera. Watoto walikuwa wamesimama mistarini, ngoma ya paredi inalia, na kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye maua njia ilikuwa moja tu, katikati ya darasa la kwanza na la pili. Mtoto wa jino lililovunjika alikuwa mwisho wa mstari. Nilimwona akirudi nyuma hatua moja. Nilisokota ngata mara mbili ndipo ikakaa sawa, mtaalamu mzima wa miaka yote hiyo, nikaiweka, nikamtwika Benigna ndoo yenye maji nusu.

Alisimama kidogo. Mabega yalishuka. Kisha akaanza kwenda, taratibu, kati ya mistari ile miwili, kijia ambamo mimi mwenyewe ningegusana na mtu. Hakumgusa mtoto yeyote. Alimpita yule mdogo aliyevunjika jino, kwa umbali wa kiganja, na mtoto yule akageuza shingo kumtazama mpaka alipofika kwenye maua. Wimbo wa taifa ukaanza. Benigna akasimama pale pale alipo, ndoo kichwani, ametulia tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Wimbo ulipokwisha Madam Haule alimwendea, macho yake yamelowa, akanyoosha mikono juu.

“Umechoka, mwanangu,” alisema. “Ngoja nikutue.”

Benigna aliishika ndoo kwa mikono yote miwili.

“Usinitue,” alisema. “Nitapeperuka.”

Barua ilichanwa asubuhi ile ile, na Benigna bado yuko kitengoni kwenu, mnamjua. Katazo tuliliandika upya, safari hii likiwa na kurasa mbili. Lakini pale kwenye maua, Madam Haule alishusha mikono akanigeukia mimi, akisubiri nimweleze mtoto ana maana gani, na mimi nilikuwa natazama chini. Nilikuwa nimemuuliza bibi, nesi, mtaalamu wa viungo na kila kitabu nilichoweza kukipata. Miaka miwili ile, Benigna mwenyewe sikuwahi kumuuliza hata mara moja.